Negativu ya Nta

Alikuja nayo ndani ya kiberiti,
imeviringwa katika karatasi ya sigara:
kipande cha filamu, hakizidi kucha mbili.
"Mume wangu yumo humu," alisema Bi Nyamizi.
"Mtoe. Awe mkubwa, nimtazame bila miwani."
Akaongeza, tukiwa bado tunavutana bei:
"Siku ile anaondoka kwenda Mpanda.
Mimi sikwenda stesheni. Tulikuwa tumenuniana."

Niliiinua kwenye taa. Mtu mdogo,
shati jeusi, meno meusi,
nywele nyeupe za uzee asioufikia.

Nataka ieleweke: jua halikuzi.
Jua linanakili. Ulipe kidole, litakurudishia kidole;
ulipe kiganja, kiganja.
Mwenye kutaka uso wa kutazamana nao ukutani
sharti kwanza aukuze gizani.

Usiku, stoo ya Kanyenye, blanketi mlangoni,
taa nyekundu, mashine ya marehemu Fundi Kapalala.
Shingo yake nimeigeuza itazame sakafu
maana meza haikutosha kumlaza mwanamume.
Sekunde arobaini na mbili, nahesabu kwa mdomo.
Karatasi ya kwanza ikanipa mtu kama alivyokuwa,
shati jeupe na kitambi chake.
Nzuri, na haina kazi.
Nikailaza kifudifudi juu ya karatasi ya pili,
nikawasha tena, akarudi kuwa kinyume chake,
safari hii urefu wa mkono wangu.

(Watu huuliza: kumpindua mara mbili kwa nini?
Kamuulize fundi cherehani
kwa nini hushona nguo ikiwa ndani nje.)

Karatasi ni nzito, mwanga unagoma. Ndipo nta:
robo kilo kutoka Sikonge, bado ina miguu ya nyuki.
Pasi ya mkaa, taratibu, isije ikamchoma sikio.
Karatasi ikanywa, ikanywa,
mpaka ikawa kama bawa la popo,
na stoo nzima ikanuka mzinga.

Saa sita mchana, uani.
Chumvi mbili za chuma, nilizopewa na fundi maabara
kwa ahadi ya kumpiga picha bintiye,
zimepakwa kwa brashi, zimekauka rangi ya ndimu.
Juu yake negativu. Juu yake kioo cha kabati.
Juu ya kioo, jua la mwezi wa tisa lisilo na adabu.
Dakika kumi na nne.
Kisha ndoo mbili za maji niliyonunua,
maana bomba halijakohoa tangu Jumanne.
Maji yakaanza njano.
Mtu akabaki, wa bluu.

Na nyuma ya bega lake, dirisha la chumba cha kungojea,
na dirishani uso, na vidole vimeshika nondo.
Kwenye filamu kilikuwa kidoa.
Nilikipuliza mara tatu nikidhani vumbi.

Bi Nyamizi hakumtazama mumewe.
Alisogea dirishani hadi pumzi yake ikagusa karatasi.
Nje mtu aliita muuza mkaa, akaitikiwa.
"Huyu anaweza kutoka?"
"Anatoka. Kwa wembe.
Nikimkwangua kwenye ile karatasi ya nta
jua litapita hapo alipo,
na dirisha litabaki bluu tupu."
"Yaani kumfuta ni kumpitishia mwanga."
"Ndiyo, mama. Kazi hii iko hivyo."
"Bei?"
"Hiyo hiyo."

Alifungua pochi, akaifunga.
Alifika getini, akarudi, akachukua kiberiti chake kitupu.
"Jumamosi," alisema.

Jumamosi nne zimepita.
Negativu inaning'inia kwenye msumari, mume kichwa chini,
wembe uko juu ya kabati, bado kwenye karatasi yake.
Harufu ya asali imewaita sisimizi.
Asubuhi hii wamepanda kwa mstari mmoja,
wamepita shati, wamepita bega,
na wa kwanza wao
amesimama kwenye nondo za dirisha, anapapasa.